Mlangoni kwa Watu wa Mvua

Élisabethville, 5 Novemba 1950

Leo mtawa wetu, Sœur Godelieve, ametugawia wasichana wa darasa la mwisho daftari, kila mmoja lake. Tuandike msimu wote wa mvua, kwa Kiswahili cha vitabu, si kile tunachosemea bombani. "Andikeni ukweli," amesema, "na msichafue karatasi." Nitajaribu yote mawili.

Naitwa Brigitte. Tunakaa Kenya, mtaa wa Waafrika hapa mjini. Baba yangu, Anaclet, ni fundi wa mabehewa kwenye reli, na mama anauza unga wa mihogo sokoni. Chumba cha nyuma ni cha shangazi Mumba.

Shangazi ndiye mkubwa wa baba. Padri alimbatiza Adalbert, kwa sababu alizaliwa na mwili wa kiume. Lakini kabla hajazaliwa, bibi yao aliyekuwa mfinyanzi, naye alikuwa amekwisha kufa, alimtokea mama yao ndotoni akaomba kurudi. Kwa hiyo jina la ndani la mtoto likawa lile la bibi: Mumba. Alipoanza kutembea alifuata wanawake mtoni, akaikataa kaptula, akalia mpaka wakamfunga kipande cha kitambaa kiunoni. Wazee wa Mitwaba, kwetu kaskazini, walisema, bibi amerudi, mwacheni apite. Mimi sijamjua kwa namna nyingine. Anajifunga kikwembe cha kitenge na kilemba, mikono yake ni mikubwa, na sauti yake ni nzito kuliko ya baba. Kanisani anaimba upande wa wanawake, na benchi linatetemeka.

12 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli. Bati lilipiga kelele hata hatukusikia kengele ya misa.

19 Novemba

Niandike habari za jirani, kwa sababu nusu ya maisha yetu iko kwao.

Bwana Symphorien ni karani. Ana baiskeli, redio, na koti la bluu. Mke wake anaitwa Mado. Mama yake Symphorien, Mama Bwalya, miguu ilikufa zamani, analala tu, ubavu hadi ubavu, na anayemgeuza, kumwosha na kumkanda mafuta ni shangazi Mumba. Anafanya hivyo kila asubuhi na kila jioni. Mado hawezi; anasema harufu inamshinda.

Ukoo wao ni watu wa Mvua, sisi ni watu wa Udongo, na koo hizi mbili zinataniana tangu mababu. Leo nilishika beseni nikawasikia.

"Weye Udongo," Mama Bwalya alisema, "maji yako iko baridi. Unataka kuniua?"

"Watu wa Mvua kuogopa maji! Ajabu hii tutaambia nani?"

"Siku nitakufwa, ni weye utaniosha. Hapana mwingine. Mado atanimwangia maji sawa anaosha mboga. Na weye mudogo," akaniangalia mimi, "siku ile mulale mulangoni, mulombe kuku mukubwa. Symphorien iko na choyo."

Alikuwa anasema desturi. Mtu akifa kwa watani wetu, sisi watu wa Udongo ndio tunaongoza msiba. Tunavaa nguo za marehemu, tunamwiga, tunawachekesha wafiwa hata kama hawataki. Na kabla maiti haijaoshwa, mmoja wetu hulala kizingitini, na hapiti mtu mpaka apewe anachoomba. Mtani aliyelala mlangoni harukwi. Anayemruka atafuata kaburini.

26 Novemba

Darasa la kupiga pasi. Mado ameniletea mashati ya Bwana Symphorien niyafanyie mazoezi, kwa sababu ninajua kukunja kola ya kizungu. Sœur alisema kazi yangu ni safi.

3 Desemba

Bwana Symphorien ameomba kadi ya mérite. Baba anasema ni kadi ya Mwafrika aliyestaarabika. Mwenye nayo anaweza kutembea mjini usiku bila kusimamishwa. Komisyo, yaani wakaguzi, itakuja nyumbani kwake kuangalia vijiko, kitanda, mke, choo, na majirani pia.

"Majirani wana nini?" mama aliuliza.

Baba alimtazama shangazi, ambaye alikuwa anamenya vitunguu, kisha akatazama miguu yake mwenyewe.

9 Desemba

Wamemchukua shangazi Mumba.

Nitaandika kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa, ingawa mkono wangu haupendi utaratibu leo.

Ilikuwa asubuhi, mvua ya manyunyu. Shangazi alikuwa anavuka uwanja kutoka jikoni kwetu, amebeba beseni la maji ya moto ya Mama Bwalya. Askari wa ofisi ya cité, inayosimamia mitaa ya Waafrika, waliingia langoni. Bwana Symphorien alikuwa amesimama barazani kwake na koti la bluu, kama mtu anayengoja wageni.

Askari mkubwa alimnyooshea shangazi fimbo. "Huyu ni nani?"

"Simuyui," Bwana Symphorien alisema.

"Anatumika kwako?"

"Hapana. Hatumiki fasi yoyote. Ni mwanaume mwenye kuvaa sawa mwanamuke. Niko na bibi yangu Mado hapa. Ni haya."

Alisema hamjui mtu aliyemwosha mama yake jana, na juzi, na miaka yote ninayokumbuka.

Askari alimvua shangazi kilemba. Akakitupa chini. "Mwanaume bila kazi hana ruhusa ya mujini. Utarudi kwenu. Twende."

Shangazi hakulia. Aliweka beseni chini polepole ili maji yasimwagike, akafunika kwa mfuniko wake. Kutoka ndani tulisikia Mama Bwalya anaita, "Mumba! Weye Udongo! Maji inapoa!"

Shangazi alimwangalia Symphorien. "Umusikie mama," alisema. "Anaita muntu mwenye hauyui."

Na baba? Baba alikuwa mlangoni kwetu, kofia ya reli mkononi. Aliizungusha, akaizungusha. Walipopita langoni alisema, "Mvua hii," basi.

Majirani waliangua vicheko. Mmoja aliiga mwendo wa shangazi mpaka kwenye bomba, na watoto wakamfuata. Niliokota kilemba. Nimekifua, kinakauka juu ya kitanda changu ninapoandika.

10 Desemba

Sœur alituandikisha imla: "Kisasi ni changu, asema Bwana." Niliandika bila kosa hata moja.

Bwana ana kazi nyingi. Nitamsaidia.

17 Desemba

Tumejua alipo. Wanaorudishwa kaskazini wamewekwa kambini karibu na mto Naviundu, wanafyatua matofali, kwa sababu barabara ya Mitwaba imekatika na lori haliwezi kupita mpaka mvua ikome.

Mpaka mvua ikome. Nimeyasoma maneno haya mara nyingi tangu nilipoyaandika.

18 Desemba

Mvua. Asante, Mama Maria.

19 Desemba

Mvua. Mama analalamika kwamba nguo zinanuka ukungu. Mimi nimewasha kipande cha mshumaa.

25 Desemba

Noeli. Benchi la wanawake halikutetemeka.

Nyumbani nilimwekea baba chakula mezani, nikageuka bila kumkaribisha. Nimefanya hivyo tangu ile siku. Anajua. Anakula akiangalia ukuta.

31 Desemba

Leo mama na mimi tulikwenda Naviundu na ugali na samaki wakavu. Mlinzi alipokea samaki, kwa hiyo tulimwona shangazi.

Wamemnyoa kichwa. Wamemvika kaptula ya kaki. Nilifikiri nitamwona mtu mwingine, mwanaume fulani Adalbert, kama wasemavyo. Nilikuwa naogopa hilo. Lakini alikuwa ni yeye, ndani ya nguo za mtu asiyemfahamu. Alikuwa shimoni, anakanyaga udongo wa matofali mpaka magotini.

"Muangalie," alisema, "banarudisha muntu ya Udongo kwabo. Banafikiri ni azabu."

Mama alilia. Shangazi alimkataza kwa mkono uliojaa tope. Kisha akaniuliza mimi, "Mama Bwalya, nani anamuosha?"

Nilimwambia ukweli. Mado anajaribu. Mama pia alikwenda, lakini Mama Bwalya alimsukuma, akauliza mikono ya Udongo iko wapi. Symphorien amemwambia mama yake kwamba shangazi amesafiri. Sasa ana vidonda mgongoni.

Shangazi aliacha kukanyaga. Nilidhani atasema maneno ya msamaha, kama watakatifu kitabuni. Alisema, "Kila tofali hapa iko na jina ya Symphorien. Ninamukanyaga kila siku, ninamuchoma moto. Asubui iko pale tena."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu Desemba ilipoanza. Yeye pia alicheka, kwa sauti ile nzito, na mlinzi akapiga kelele tuondoke.

"Lori ikikuya," alisema mgongoni mwetu, "musikuye kuniaga. Mitwaba bale bazee benye kunijua bamekufwa. Nitafika sawa mugeni mu ile kaptula."

7 Januari 1951

Mvua.

14 Januari

Mvua, na upepo umeng'oa bati la shule. Sœur Godelieve ametuomba tusali mvua ipungue. Nilisogeza midomo tu.

20 Januari

Komisyo ilikuja kwa Bwana Symphorien. Walikuwa wazungu, Padri akiwa mmoja wao, na mkubwa wao ni Bwana wa ofisi ya cité, ile iliyotuma askari. Nimeyapata haya kwa Mado mwenyewe, na mengine niliyaona juu ya ukuta, nimesimama kwenye ndoo.

Shati jeupe nililipiga pasi mimi. Kola ilisimama kama ya waziri, vifungo vinang'aa. Na mgongoni, katikati kabisa, niliacha pasi ya makaa ikae muda wa Salamu Maria nzima. Alama ilitoka kahawia, nzuri, yenye ncha, mtu angeweza kufuata ukingo wote wa pasi kwa kidole. Nikalikunja shati ili mgongo usionekane. Bwana Symphorien alilivaa kwa haraka; Mado alipomwambia kuna alama, wageni walikuwa langoni tayari, akavaa koti juu.

Joto lilikuwa la kabla ya dhoruba. Bwana wa komisyo alivua koti lake, akalitundika kitini. Padri alikunja mikono ya kanzu. "Vua, vua, Symphorien, uko kwako," walimwambia.

"Hapana, niko muzuri, Bwana."

Jasho lilimtiririka mpaka kwenye sahani ya biskuti. Akawaonyesha vijiko, jasho. Akawaonyesha kitanda, jasho. Bwana wa komisyo alimuuliza kama ana homa.

Nilishuka kwenye ndoo nikiwa na furaha mbaya kabisa.

21 Januari

Haitoshi. Shati si shangazi.

28 Januari

Mado alikuja na shati mkononi. Nilijiandaa kukana. Hakuuliza kitu. Alikaa chini kwenye kizingiti chetu, akasema, "Ningekuwa na pasi ile siku banamukamata, ningeiweka mu uso ya Symphorien."

Nilikuwa nimemwandika Mado kama mvivu. Mikono yake ina malengelenge ya maji ya moto. Usiku anamgeuza mama mkwe peke yake, na mama mkwe anamtukana, naye anavumilia. "Anasema niko na mikono ya karani," alisema, na tukacheka kidogo.

Anasema wameipita mitihani ya komisyo. Kadi itatolewa Machi, mbele ya watu.

7 Februari

Jumatano ya majivu. Mvua.

11 Februari

Mvua, nyembamba.

16 Februari

Mawingu tu.

18 Februari

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba, katika chumba cha shangazi, amekaa kitandani kwake gizani. Alikuwa ameshika chungu kidogo cha yule bibi mfinyanzi, kilichokuja kutoka Mitwaba.

"Nilikuwa mutoto," alisema bila kugeuka. "Batoto ba kijiji balinipiga, juu niko ndugu ya Mumba. Yeye njo alikuja kunitoa. Alibapiga bote. Na kikwembe yake."

Nilitaka kumwuliza, na ile siku langoni? Nilimwacha aumie kidogo zaidi. Kisha nikamwambia chakula kiko tayari, karibu, baba. Sijui kwa nini.

25 Februari

Mvua kubwa ya siku nzima. Ya mwisho labda.

4 Machi

Jua.

5 Machi

Jua. Nguo za mama zimekauka zote, anaimba. Nikamwambia anyamaze. Alikumbuka, akanyamaza.

8 Machi

Lori limeonekana ofisini, wanaliosha. Litaondoka Jumatatu.

9 Machi

Mama Bwalya amekufa alfajiri hii. Mado anasema neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama Mumba amerudi safari.

10 Machi

Sœur, kama utasoma ukurasa huu, nimejitahidi kutochafua karatasi. Jasho ni la leo, jua lilikuwa kali.

Uwanja wa Symphorien ulijaa. Wakubwa wa kazini kwake walituma shada la maua, Padri alikuwapo, na yule Bwana wa ofisi ya cité alikuja mwenyewe na gari lake, kwa sababu kadi ni wiki ijayo. Symphorien alimpa kiti chenye mto. Dada wa marehemu, Mama Chola, alikuwa ametoka Kipushi, mkubwa wa watu wa Mvua wote, fimbo mkononi.

Kwa kuwa ni watani wetu, baba ndiye aliyeongoza mchezo. Sikujua kama atafanya. Alifanya. Aliingia ndani akatoka amejifunga kikwembe cha Mama Bwalya, kilemba chake kichwani, masharubu yake ya reli chini ya kilemba, akajiangusha ubavu kwenye mkeka.

"Mado!" aliita kwa sauti ya marehemu. "Hii ni chai ao ni maji ya kuosha sahani?"

Watu walipiga kelele. Wanawake waliokuwa wanalia waligeuza kilio kikawa kicheko katikati ya pumzi, kama inavyotakiwa.

"Symphorien! Kuya hapa! Uko na koti mu joto hivi juu ya nini? Umeiba kuku?"

Padri alicheka. Bwana wa ofisi, ambaye Padri alimtafsiria maneno, alipiga paja lake. Symphorien mwenyewe alicheka, machozi mashavuni, akasema, "Njo mama kabisa, njo mama yangu."

Mimi nilikuwa nimesimama na wasichana wa maji. Nikamtazama baba yangu na kikwembe kiunoni, nikawatazama wote wanaocheka. Mwanaume huyu alivaa nguo ya mwanamke mchana kweupe mbele ya Padri na mbele ya serikali, na wanamletea pombe. Shangazi Mumba alivaa nguo yake mwenyewe, na wakamtia shimoni kukanyaga tope.

Mama Chola akagonga fimbo. "Basi. Tumuoshe."

Niliweka ndoo chini. Nikaenda nikalala kizingitini pa chumba cha marehemu, mgongo kwenye saruji, mikono kifuani.

Wakacheka tena. "Ah, mutani mudogo!" Symphorien alisema. Alikuwa na furaha, mchezo ulikuwa unakwenda vizuri mbele ya mgeni wake. "Unataka kuku?"

"Sitaki kuku."

"Basi mbuzi! Bantu ya Udongo beko na tamaa!"

"Sitaki mbuzi. Namtaka mwanamke wa kumwosha. Yule aliyechaguliwa na marehemu mwenyewe."

Kicheko kilikufa polepole, kutoka mbele kwenda nyuma.

"Banamuke iko bengi hapa," alisema Symphorien.

"Alisema hapana mwingine. Mado alisikia."

"Nilisikia," Mado alisema. Alikuwa amesimama kando ya maji, hakuinua sauti.

Symphorien aliinama karibu na uso wangu. "Brigitte. Ondoka. Nitamwambia Sœur wako."

"Mwambie. Nami ninakuuliza mbele ya watu: Mumba, unamjua?"

Alinyoosha mguu. Naapa, alinyoosha mguu aniruke. Fimbo ya Mama Chola ikashuka mbele ya goti lake.

"Mutani harukwi," mwanamke yule alisema. "Unataka tuchimbe mashimo mbili leo? Mutoto anauliza kintu. Umujibu."

"Anaclet!" Symphorien akageuka. "Ondoa mutoto yako!"

Baba alikuwa bado na kikwembe. Watu wote walimtazama, na nilimwona anazungusha mikono kama anatafuta kofia yake. Nilifumba macho, sikutaka kumwona akiangalia miguu yake tena. Nikasikia kikwembe kinaburutika chini. Kisha bega lake likagusa bega langu. Alikuwa amelala.

"Mulango ni mupana," alisema baba juu, kwa dari. "Fasi ya babili iko. Na ule mwenye anaulizwa, hapana muntu ya bule. Ni dada yangu. Ningesema ile siku langoni. Ninasema leo."

Jua lilikuwa limepanda juu ya bati. Kila mtu alijua maana yake kwa maiti. Nzi walikuwa wameanza. Bwana wa ofisi alimuuliza Padri kuna nini, na Padri, ambaye hakuwa anacheka tena, alimwambia Symphorien, "Mweleze wewe. Kwa Kifaransa."

Nilimtazama kutoka chini. Toka chini mtu anaonekana pua na kidevu tu. Aliangalia kiti chenye mto, na maua, na gari. Nilijua anahesabu moyoni, nami sikumhurumia. Nilifurahi. Niliombea jua lizidi.

Ndani, mama yake alikuwa anangoja maji.

"Je la connais," alisema mwishowe. Kisha kwa Kiswahili, kwa sababu Mama Chola aligonga fimbo: "Ninamuyua. Ametumika kwangu. Njo yeye alikuwa anaosha mama, miaka yote. Nilidanganya ofisi."

"Anaitwa nani?" niliuliza.

"Brigitte, basi," mama yangu alinong'ona.

"Anaitwa nani?"

"Mama Mumba."

Bwana wa ofisi alisimama. Hakupiga paja. Alimwambia Symphorien maneno machache, ya chini, na uso wa Symphorien ukawa rangi ya majivu. Kisha wakapanda garini, yeye, Symphorien na Padri, wakaelekea Naviundu. Baba na mimi hatukuondoka kizingitini. Mado alitulowesha midomo kwa kitambaa.

Gari liliporudi, shangazi alishuka na kaptula ile na kichwa kile. Hapo yule jirani aliyeiga mwendo wake Desemba alianza kukohoa kicheko, na Mama Chola akamtazama, naye akakimeza. Wanawake wa Mvua walisimama, wakamzunguka shangazi kwa vikwembe vyao vilivyonyooshwa kama ukuta. Mimi nilichomoa kilemba kifuani mwangu, nikampa Mado ampelekee. Nilikuwa nimekuja nacho. Ukuta ulipofunguka alikuwa amevaa.

Alikuja mpaka mlangoni, akatuangalia mimi na baba tumelala chini kama samaki wawili. "Anaclet," alisema, "ile kikwembe umefunga mubaya."

Tukaondoka kizingitini. Akaingia.

"Maji iko moto?" tulimsikia akiuliza. Mado akajibu ndiyo. Kisha ile sauti nzito ikaanza kuimba, na ukuta wa nyumba ya karani ukatetemeka.

12 Machi

Lori limepita asubuhi, limejaa wanaume wamesimama nyuma. Shangazi alisimama kando ya barabara akawapungia kila mmoja kwa jina. Wao hawakuwa na mlango wa kulaliwa.

Yeye ameandikwa ofisini: Adalbert, mtumishi wa Symphorien. Jina si lake na kazi haina mshahara mpya. Lakini hakuna askari atakayemgusa.

18 Machi

Kadi zilitolewa leo mbele ya watu. Jina la Symphorien halikusomwa. Alikuwa amevaa koti la bluu, akangoja mpaka viti vikakunjwa.

Padri aliniuliza kitubioni kama ninajuta. Nilisema ninajuta shati, lilikuwa la pamba nzuri. Aliuliza, na mlango? Nilianza kuhesabu matundu ya kidirisha chake. Amenipa rozari nzima.

24 Machi

Kesho Pasaka. Tulikwenda bombani asubuhi, shangazi na mimi. Nywele zake zimeanza kurudi chini ya kilemba. Wanawake walikuwa kwenye foleni, maji yanapiga kelele ndooni.

Symphorien alikuja kwa baiskeli, anakwenda ofisini. Alipotuona alipunguza, akatazama upande wa pili wa barabara kana kwamba kuna njia nyingine. Hakuna. Mama mmoja alifunga bomba.

Aliteremka. Mdogo humsalimu mkubwa.

"Yambo, mama," alisema, karibu bila midomo.

"Yambo, Mvua," shangazi alijibu. "Umekauka."

Wanawake wakacheka. Alikuwa anapanda baiskeli, mguu mmoja tayari juu.

"Bwana Symphorien," nilisema, kwa Kiswahili changu kizuri cha shule. "Samahani. Bomba lilikuwa na kelele, hatukusikia vizuri. Umesemaje?"

Bomba lilikuwa limefungwa. Kila mtu aliona.

"Yambo, mama," alisema tena, kwa sauti. Akaenda.

"Inatosha, Brigitte," shangazi alisema.

"Bado, shangazi."

Alinitazama kwa muda, kisha akainama kufungua bomba ili nisimwone uso, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka. Ndoo yetu ilijaa. Tulipofika nyumbani, nilimwaga nusu yake kwenye maua ya mama, ambayo hayakuhitaji maji.

Mtaa wetu una bomba moja, na njia ya ofisini inapita pale. Kesho na Jumatatu ni sikukuu. Jumanne tutateka tena, saa anayopita.